Kuwinda pronghoni kwa sanamu na kibanda cha kuvizia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili walioko magharibi na katikati mwa Marekani, kuanzia Denver na Salt Lake City hadi Boise, Missoula na Sioux Falls, wanaotaka kumwinda pronghoni kwa upinde. Maswali ni yale ninayoulizwa kila kiangazi kikikaribia. Nimekaa zaidi kwenye yale yanayowasumbua wengi.

Pronghoni ni swala?

Ukimwona kwa mbali utamwita swala, na Wamarekani wenyewe humwita hivyo. Lakini hayumo katika ukoo wa swala wala wa mbuzi. Ndiye pekee aliyebaki hai katika familia ya Antilocapridae, na ndugu zake wa karibu zaidi waliopo leo ni twiga na okapi. Kwa hiyo wewe uliyekulia karibu na msitu wa Ituri, huyu unayemwona kwenye nyasi kavu za Wyoming ana undugu na mnyama wa kwenu kuliko alio nao na paa au kulungu.

Dume mzima ana kilo 45 hadi 60, jike hupungua kidogo. Pembe yake ina mfupa ndani na ala nyeusi nje, na ala hiyo huanguka kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota mpya. Majike wengine nao wana pembe fupi, kwa hiyo usimtambue dume kwa pembe peke yake. Tafuta doa jeusi shavuni, chini ya sikio: dume analo, jike hana. Kibali chako kinaweza kuwa cha jike na ndama tu, na hapo doa hilo ndilo linalokuepusha na faini.

Kwa nini nisimnyemelee tu kama wanyama wengine?

Unaweza, na wenye bunduki hufanya hivyo kila mwaka. Kwa upinde ni shughuli nyingine. Pronghoni anaishi mahali pasipo na miti, macho yake makubwa yamekaa pembeni mwa kichwa, na anaona karibu pande zote bila kugeuka. Kitu kinachosogea hukitambua kilomita kadhaa mbele. Akishtuka husimamisha manyoya meupe ya makalioni, kundi zima linapata habari, na wanaondoka kwa mwendo unaoweza kufika karibu kilomita 88 kwa saa. Hakuna mnyama wa nchi kavu anayempita ila duma, na duma huchoka mapema sana.

Hata hivyo mnyama huyu ana mambo matatu yanayomsogeza karibu na mwindaji kwa hiari yake. Ana kiu, ana wivu, na ana udadisi mwingi. Kibanda, yaani hema dogo la kujifichia, kinaitumia kiu. Sanamu, yaani umbo bandia la mnyama la kumdanganyia, inautumia wivu na udadisi. Ukilielewa hilo, maswali mengi yaliyobaki yatajijibu yenyewe.

Nianze na kipi, kibanda au sanamu?

Tazama kalenda. Katika majimbo kama Wyoming, Montana na Colorado, msimu wa upinde hufunguliwa katikati ya Agosti. Wakati huo jua ni kali, nyasi zimekauka, na madume bado hawajaanza kugombania majike. Kaa kibandani penye maji. Septemba ikiingia mambo hubadilika: dume hukusanya majike wake, huwazunguka mchana kutwa, na hufukuza kila dume anayesogea. Kuanzia wiki ya kwanza ya Septemba hadi kama tarehe 20 hivi, sanamu huwa na nguvu kuliko wakati wowote. Kusini zaidi, New Mexico na Arizona, majira hayo huwahi kidogo.

Mtu mpya nampeleka kibandani kwanza. Pale atajifunza kuwatazama kwa saa nyingi bila kuonekana: jinsi wanavyokuja, jinsi wanavyosita, nani anamtangulia nani. Elimu hiyo huipati ukiwa umepiga magoti nyuma ya sanamu, moyo unakwenda mbio, na dume anakujia kwa kasi.

Kibanda kiwekwe wapi?

Penye maji wanayoyatumia wao, ambayo si lazima yawe yaliyo karibu na barabara. Nyanda hizi zimejaa mabirika ya ng'ombe, mabwawa ya udongo na pampu za upepo, na wageni hudhani kila birika ni zuri. Zunguka na darubini siku chache kabla ya msimu, kaa juu ya kilima mbali na maji, uangalie kundi gani linakunywa wapi na saa ngapi. Kisha shuka mchana wakiwa wameondoka, uangalie nyayo kwenye tope. Tope lenye nyayo mbichi za kila ukubwa ni ushahidi kuliko maneno ya mtu yeyote.

Ukishapata maji, weka kibanda hatua 20 hivi kutoka mahali wanapokunywa. Zingatia upepo unaovuma mara nyingi katika eneo hilo, uwe unatoka kwao kuja kwako. Pronghoni hutegemea macho zaidi lakini pua anayo. Dirisha lako lisielekee jua la asubuhi wala la jioni, maana mwanga ukiingia ndani kila ukisogea utaonekana. Bwawa likiwa pana, kaa upande ambao nyayo ni nyingi, wala usikae katikati kwa matumaini ya kufikia kila upande.

Kuna sehemu ya pili ambayo wengi huisahau: uzio. Pronghoni hapendi kuruka. Hupita chini ya waya, na ana vivuko vyake anavyovirudia siku nenda siku rudi hadi ardhi inachimbika. Ukiona shimo dogo chini ya waya wa chini, na nywele nyeupe zimenasa kwenye miiba, umepata njia yao. Mwaka ambao maji ni mengi kila mahali, kivuko kama hicho kinafaa kuliko birika.

Ya tatu ni pale dume anapoweka alama zake mwanzoni mwa Septemba. Hukwaruza ardhi kwa kwato, hukojoa na kunya hapohapo, na hurudi kupakagua. Sehemu ya namna hiyo ikiwa kando ya njia ya kwenda majini, hiyo ni zawadi.

Kiwekwe siku ngapi kabla?

Mapema kadiri unavyoruhusiwa. Pronghoni anaijua nchi yake, na kibanda kipya ni kitu kigeni katikati ya uwanda mtupu. Kikikaa wiki moja au mbili kinakuwa sehemu ya mandhari, kama pipa au gari bovu la mwenye ranchi. Kikiwekwa usiku ili uwinde alfajiri, wengine watakunywa hata hivyo kwa sababu ya kiu, lakini utawaona wakisimama mbali, wakikitazama, na kuzunguka.

Mambo mawili huharibu kibanda kilichoachwa. La kwanza ni upepo. Wyoming ina upepo usio na huruma, kwa hiyo funga kamba kila pembe na utumie vigingi virefu vya chuma. Vile vyembamba vinavyouzwa pamoja na kibanda havitoshi. La pili ni ng'ombe. Ng'ombe hupenda kujikuna, na hema jipya kwake ni mti. Mwombe mfugaji akuambie atahamisha mifugo lini, au uweke kibanda nyuma ya uzio unaozunguka birika.

Kwenye ardhi ya umma kuna kanuni za mali iliyoachwa, na huruhusiwi kuchimba shimo la kuvizia wala kujenga kitu cha kudumu. Piga simu ofisi ya BLM ya eneo lako, idara ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma, kabla hujaacha kibanda pale. Na ukumbuke kwamba hakikupi umiliki wa maji; mwindaji mwingine ana haki sawa na yako.

Ndani nivae nini, nibebe nini?

Vaa nyeusi. Watu hununua nguo za mabakamabaka za bei kubwa, lakini ndani ya kibanda ni giza, na nguo ya rangi ya majani makavu hung'aa ndani ya giza. Fulana nyeusi, kofia nyeusi, glavu nyeusi, na uso uufunike. Funga madirisha yote ya nyuma ili umbo lako lisijichore kwenye mwanga. Mbele acha upenyo unaotosha mshale na jicho tu.

Maji ya kunywa ndiyo jambo zito. Mchana wa Agosti ndani ya kitambaa kilichofungwa, joto hupita nyuzi 38. Beba lita nne au zaidi kwa mtu mmoja, chumvi kidogo au matunda, na chupa ya kukojolea ili usitoke nje. Kiti kiwe cha kukalika siku nzima na kisichopiga kelele. Kabla hujaketi, angalia sakafu na pembe zote: nyoka wenye njuga mkiani huingia kutafuta kivuli, na sumu yao si ya kubahatisha. Mawingu meusi yakijikusanya alasiri na radi ikaanza, toka urudi kwenye gari. Fito za kibanda hazikukingi na umeme wa radi.

Na kaa. Kulungu wa Marekani wamewazoesha wawindaji kuondoka saa tatu asubuhi, lakini pronghoni huja kunywa saa nne, saa saba, saa tisa, wakati wowote wa mwangaza. Anayekwenda kula mchana mjini humpisha mnyama aje kunywa kwa amani. Chukua kitabu.

Mvua ikinyesha?

Kibanda cha majini kinakufa kwa siku kadhaa. Kila kidimbwi kinakuwa kisima, na wanyama hupata maji pia kwenye majani mabichi. Nenda kwenye kivuko cha uzio, au kama ni Septemba chukua sanamu.

Amefika majini. Nipige lini?

Usipige anapofika. Pronghoni anayekaribia maji amejikaza kama upote uliovutwa. Atainamisha kichwa, atakiinua ghafla bila sababu, atainamisha tena, pengine atageuka akimbie hatua kumi na kurudi. Hayo ni mazoea yake ya kuwatega maadui. Subiri anywe kwa kweli, shingo imelegea. Hapo ndipo uvute upinde taratibu, na usubiri akae ubavu kwako.

Sehemu ya moyo na mapafu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kama sahani ya kulia, na imekaa chini kifuani nyuma ya mguu wa mbele. Mnyama aliyeshtuka, akisikia upote ukilia, huweza kuchuchumaa na kugeuka kabla mshale haujafika. Ndiyo maana nasisitiza umbali mfupi. Upinde wa kisasa wa kapi unaweza kutupa mshale mbali sana, na mitandaoni utaona watu wakijisifu kwa hatua 70 na 80. Mimi sikubaliani nao kwa mnyama huyu. Faida yote ya kibanda na sanamu ni kumleta hatua 20 au 30, ambapo mshale hufika kabla hajajua. Ukiukubali umbali mrefu baada ya kazi yote hiyo, umeitupa faida na mnyama ndiye atakayelipa.

Ukishapiga, tulia ndani. Uwanda ni wazi, mfuate kwa darubini hadi aanguke au apotee, na uikariri sehemu ya mwisho ulipomwona. Kama hukumwona akianguka, mpe nusu saa au zaidi kabla hujaanza kufuata damu.

Sanamu iwe ya dume au ya jike?

Ya dume mdogo, mwenye pembe zinazolingana na masikio au fupi zaidi. Dume mkubwa mwenye kundi akiona kijana amesimama karibu na majike wake hupandwa na hasira kama jogoo aliyeona jogoo mgeni uani. Akiona sanamu ya dume mkubwa kuliko yeye anaweza kuamua kuwahamisha wake zake. Sanamu ya jike huvutia madume wapweke wasio na kundi, na ukiweza kubeba zote mbili, dume mdogo nyuma ya jike, picha inakuwa imekamilika.

Siku hizi nyingi ni kitambaa kilichochapwa picha halisi ya mnyama, kinachokunjwa na kuingia mkobani. Ni nyepesi, na ugonjwa wake ni upepo: hupiga makelele na kupepesuka. Kuna ndogo pia zinazofungwa kwenye upinde wenyewe, zenye kichwa na kifua tu.

Inatumiwaje hasa?

Tafuta dume mwenye majike, si dume anayepita njia. Mtazame kwa mbali hadi ujue anaelekea wapi. Kisha tumia kila bonde, korongo na mfereji kusogea bila kuonekana kabisa, mpaka uwe hatua 200 au chini ya hapo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanainua sanamu wakiwa mbali, au wameshaonekana wakitambaa. Sanamu haimfuti mwindaji aliyekwisha kuonekana. Nguvu yake iko katika kutokeza ghafla mahali ambapo dume anahesabu kuwa ni nyumbani kwake.

Mkiwa mmefika, mshika sanamu anaipandisha polepole kutoka nyuma ya ukingo au vichaka, ubavu ukielekea kwa dume. Ni kitambaa chembamba. Ikigeuka pembeni hutoweka machoni pake, na mnyama hatoweki hivyo. Dume atainua kichwa. Manyoya ya shingo yatasimama, atatembea kwa miguu mikavu, halafu, siku ikiwa njema, atakuja mbio moja kwa moja. Usitarajie muda wa kupanga. Mpigaji awe ameshapiga magoti, mshale umo, na anauvuta upinde nyuma ya sanamu dume akiwa bado anakimbia. Mwenzake anapima umbali kwa kipima umbali na kunong'ona namba: 60, 45, 30. Mara nyingi dume husimama ghafla kutazama, na kusimama huko ni kwa pumzi mbili tatu. Mpigaji huinuka kidogo juu au pembeni mwa sanamu. Akisimama kakuelekea kifua, ngoja. Wengi hugeuka ubavu kujionyesha kwa mpinzani.

Akisimama mbali asisogee, mchezeshe: shusha sanamu isionekane, kisha iinue tena hatua chache pembeni. Udadisi ukimshika, atakuja kutafuta alipokwenda yule kijana. Jambo hili ni la kale. Katika kumbukumbu za msafara wa wapelelezi wa Kimarekani Lewis na Clark, wa 1804 hadi 1806, imeandikwa kwamba mwindaji akilala chini na kuinua mkono, kofia au mguu, wanyama hawa waliokwisha kukimbia hurudi kutazama, huenda na kurudi, hadi wanafika karibu na bunduki.

Naweza kwenda peke yangu?

Kwa kibanda, ndiyo. Kwa sanamu inawezekana ukiwa na ile ya kufunga kwenye upinde au yenye kigingi cha kuchoma ardhini, lakini wawili ni bora sana. Mmoja ana kazi ya sanamu, umbali na macho. Mwingine ana kazi ya mshale tu.

Dume alikimbia badala ya kuja. Kwa nini?

Sababu za kawaida: alikuona kabla ya sanamu, alinusa, sanamu ilipepesuka, au bado ni mapema na hana cha kulinda. Nyingine ni kwamba eneo lina wawindaji wengi na ameshachezewa hivyo. Usimfukuze. Mwache apoe, tafuta dume mwingine, urudi kwake siku nyingine kutoka upande mwingine. Dume anayewasukuma majike wake waende mbali hakuogopa sana. Analinda, na jioni anaweza kuja.

Sanamu ya ng'ombe inafaa kitu?

Inafaa sana mahali penye malisho, na inafanya kazi hata kabla ya majira ya kupandana. Haimwiti pronghoni, inakusogeza wewe. Wanyama hawa hulala na kula kati ya ng'ombe, kwa hiyo kitambaa chenye picha ya ng'ombe kinachosogea taratibu, kikisimama na kuinamisha kichwa, hakiwatishi. Tembea kimshazari, kamwe usielekee moja kwa moja. Ng'ombe mwenye haraka hajapata kuonekana.

Kuna hatari gani?

Kubwa ni risasi. Maeneo mengine ya Wyoming hufungua msimu wa bunduki ndani ya Septemba, wakati madume bado wamechangamka. Mtu mwenye bunduki aliye mbali anaona pronghoni amesimama, na nyuma yake uko wewe. Soma tarehe za eneo lako mstari kwa mstari. Bunduki zikiingia, sanamu inabaki nyumbani. Nasema hivi bila kulegeza: hakuna pembe inayolingana na uhai wako.

Wakati wowote, beba sanamu ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba, rangi yake nyeupe isionekane. Funga kitambaa cha rangi ya machungwa inayong'aa juu ya kibanda ukiwa kwenye ardhi ya umma, na juu ya mzoga unapoubeba. Wyoming inamtaka anayewinda wanyama wakubwa kwa bunduki avae walau nguo moja ya nje ya machungwa au waridi inayong'aa. Mwenye upinde katika msimu maalumu wa upinde hakulazimishwa.

Mimi ni mgeni nchini. Naruhusiwa? Vibali vikoje?

Majimbo yanauliza unaishi wapi. Uraia si sharti la kupata kibali cha kuwinda. Mkaazi hulipa kidogo sana kuliko mtu wa nje, kwa hiyo jua lini unahesabiwa mkaazi: Wyoming ni baada ya mwaka mmoja, Montana siku 180, Colorado na Idaho miezi sita. Upinde hauhesabiwi kuwa bunduki katika sheria ya shirikisho, jambo linalorahisisha mambo kwa wengi. Ukitaka kushika bunduki na upo kwa viza ya muda, muulize mwanasheria kwanza.

Utahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Wyoming inakidai kwa kila aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1966, Colorado kuanzia 1 Januari 1949, Montana kwa waliozaliwa baada ya 1 Januari 1985. Kozi ni nzuri hata kwa mzoefu. Wyoming pia ina leseni ya upinde inayonunuliwa juu ya kibali cha mnyama, na watu huisahau.

Vibali vingi hutolewa kwa droo. Maombi ya Colorado hufungwa mapema Aprili, ya Wyoming na Montana mwanzoni mwa Juni. Idadi hubadilika: baada ya baridi kali ya 2022 hadi 2023 na ugonjwa wa mapafu ulioua pronghoni wengi upande wa Pinedale, Wyoming ilipunguza vibali kwa maelfu. Ilikuwa sawa kabisa. Miaka ya 1920 wanyama hawa walikuwa wamebaki chini ya 30,000 baada ya kuchinjwa ovyo kwa miongo, na wamerudi kuwa mamia ya maelfu kwa sababu watu walikubali kunyimwa.

Kila jimbo lina vikwazo vyake. Arizona imepiga marufuku kamera za kutega kwa ajili ya uwindaji tangu Januari 2022, na huruhusiwi kupiga kambi ndani ya robo maili ya maji kiasi cha kuwazuia wanyama na mifugo kuyafikia. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka huu, usitegemee cha mwaka jana.

Nitawinda kwenye ardhi ya nani?

Ardhi ya BLM na nyanda za taifa kama Thunder Basin huko Wyoming ni ya umma. Ranchi zinahitaji ruhusa, na uzio usipokuwepo haina maana ardhi haina mwenyewe. Tumia ramani ya simu inayoonyesha mipaka. Wyoming ina mpango wa Access Yes, na Montana ina Block Management, ambapo wafugaji hufungua ardhi yao kwa wawindaji.

Kuomba ruhusa mlangoni, nenda Juni au Julai, mchana, umevaa kawaida, bila upinde. Jitambulishe, sema unatoka wapi. Wafugaji wengi huwaona pronghoni kuwa walaji wa mimea yao, na ukiomba jike badala ya dume milango hufunguka. Msimu ukiisha peleka shukrani, na ufunge kila geti ulilolifungua.

Huu si ulaghai?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na nalijibu kwa uzito wake. Kuvizia penye maji si uvumbuzi wa duka la vifaa. Wahadzabe wa bonde la Eyasi hujificha karibu na maji mwishoni mwa kiangazi na pinde zao. Huko Wyoming, karibu na Pinedale, kwenye sehemu iitwayo Trapper Point, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya pronghoni waliowindwa kama miaka 6,000 iliyopita, penye njia nyembamba ambayo wanyama hao bado huipita. Watu wameishi na mnyama huyu kwa kumsoma tabia.

Mpaka ninaouweka mimi uko kwenye ukame mkali. Ikiwa maji yaliyobaki ni hayo tu kwa kilomita nyingi, na wanyama wamedhoofu, usikae hapo kutwa nzima ukiwazuia. Kaa asubuhi, ondoka mchana, au uache kabisa. Sheria ya jimbo lako huenda isikulazimishe. Mnyama aliyekonda kwa kiu na asiye na pengine pa kwenda hana nafasi, na bila nafasi hiyo sioni uwindaji.

Kwa Mwislamu, nyama hii ni halali?

Pronghoni ni mla majani. Kuwinda kwa mshale kuna msingi wake katika hadithi za Adi bin Hatim: taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, na silaha itoboe kwa makali yake. Ukimkuta bado yu hai, mchinje mara moja. Hadithi hizohizo zinatuhusu sana sisi wa majini: aliyekutwa amezama usimle, maana hujui kama ni mshale au maji yaliyomuua. Basi usimpige mnyama aliyesimama ndani ya bwawa. Yenye utata mpelekee sheikh wako.

Kweli nyama yake inanuka?

Hapana. Sifa hiyo mbaya imetokana na joto. Mnyama aliyekimbizwa, akapigwa vibaya, akalazwa nyuma ya gari mchana wa Agosti hadi jioni, atanuka, na hata mbuzi wako wa Idi angenuka. Aliyeanguka ghafla karibu na maji, akatumbuliwa na kuchunwa papo hapo, akakatwa vipande na kuingizwa kwenye barafu ndani ya saa moja, ana nyama laini na nyepesi kuliko kulungu.

Kwa hiyo barafu iwe imo garini kabla hujaingia kibandani, nyingi, ndani ya kasha kubwa lililofungwa vizuri. Visu viwili vikali, mifuko ya kitambaa, na maji ya kunawa. Manyoya yake hukatika kwa urahisi na yana harufu, kwa hiyo mkono ulioshika ngozi usiguse nyama. Acha ushahidi wa jinsia kwenye mzoga kama kanuni zinavyotaka, na ujaze tiketi ya kibali kabla hujamsogeza. Utapata kilo 15 hadi 20 za nyama bila mifupa. Mnofu wa mgongo uuchome juu ya mkaa kwa muda mfupi, chumvi na ndimu tu, ukiwa mwekundu kidogo ndani. Mapaja yanafaa mishikaki. Shingo na mabega weka kwenye pilau, na uyape muda motoni, maana hayana mafuta.